Kiu ya Hilux: shajara ya pikapu ya 1993, Nakuru

Jumatatu, 14 Julai 2025

EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wametoa bei mpya za mafuta jioni hii. Kuanzia saa sita usiku petroli ya supa inapanda karibu shilingi 9 kwa lita, na mimi ndiye mwenye pikapu inayokunywa kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka Baringo. Nimechukua daftari la mtoto la hesabu, lile la miraba, na kuanzia leo kila lita inaandikwa.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya 1993, injini ya 22R ya petroli, lita 2.4, ya kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Niliinunua Mombasa miaka minne iliyopita kwa mtu aliyekuwa akibebea saruji. Kwangu inabeba viazi: Molo hadi soko la Wakulima hapa mjini mara mbili kwa wiki, na kila baada ya wiki mbili safari ya Kisumu, soko la Kibuye. Wenzangu wenye pikapu kama hii wananiambia wanapata kilomita 8 au 9 kwa lita. Mimi sijawahi kuona 6.

Niandike na hili, maana ndilo lililonifanya nikose usingizi. Wiki jana nilimuuliza utingo wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, kama kuna mtu anayefyonza mafuta usiku. Nilisema "mtu", lakini alijua nani anaulizwa. Alinijibu, "Sijui, mjomba," na hajanisemesha tangu hapo ila kwa mambo ya magunia.

Jumanne, 15 Julai

Kanuni nilizojiwekea: kituo kilekile, pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, kwa sababu sakafu ya kituo ikiinama tu tanki linaingiza lita mbili zaidi au pungufu. Bomba likijikata mara ya kwanza, basi. Kijana wa pampu alitaka kuongeza "itimie elfu tano, boss", nikamwambia leo hatutimizi kitu.

Jana usiku niliweka katoni chini ya gari kuanzia injini hadi tanki. Asubuhi ilikuwa na matone matatu ya oili na hakuna petroli. Nikanusa mipira yote, nikapitisha kidole kwenye viungo vya bomba na kwenye pampu ya mafuta. Pakavu.

Jumamosi, 19 Julai

Hesabu ya kwanza: kilomita 248 kwa mita ya gari, lita 43.1. Hiyo ni 5.75 kwa lita.

Tena gari lililala kwangu usiku nne, funguo mfukoni mwangu, na kifuniko cha tanki nilikibandika kipande cha utepe ambacho hakikuguswa. Mpwa wangu hana hatia. Sijamwambia bado.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimegundua kitu kilichonifanya nicheke peke yangu hadi mpwa akanitazama.

Niliwasha simu ihesabu mwendo kwa setilaiti tangu tulipotoka Nakuru. Tuliporudi kutoka Molo simu ilisema kilomita 98.6. Mita ya gari ilisema 91.2. Nikafungua mlango wa dereva nikasoma kile kibandiko kilichofifia: tairi 185R14. Nilizo nazo ni 215/75 za rimu 15. Aliyeniuzia alibadilisha ili gari likae juu, na mimi nilipenda lilivyokaa juu. Tairi hizo zina kipenyo kilichozidi kwa karibu asilimia 8, kwa hiyo kila zinapozunguka mara moja gari linakwenda mbali kuliko mita inavyojua. Zile kilomita 248 zilikuwa 268. Matumizi yangu halisi yalikuwa 6.2.

Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa ilikuwa kwenye kipimo. Lakini 6.2 bado ni mbaya, na tairi kubwa haziniachi bure: gia zote zimekuwa nzito, na kwenye mlima nashusha hadi ya pili mahali ambapo wenzangu wanapanda na ya tatu. Halafu mita ikisema 80, mimi niko 86. Kuanzia sasa naandika kilomita za simu.

Kingine, upepo wa tairi. Mbele nimekuta psi 22, nyuma 27. Na mimi nabeba tani! Nimejaza hadi 32 mbele na 40 nyuma, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Jumamosi, 26 Julai

Safari mbili za Molo, kilomita 197, lita 30.3. Hiyo ni 6.5. Kwa upepo wa bure.

Mzigo nao nimeanza kuupima, kwa sababu hesabu haina maana kama leo nabeba tani na kesho tani na nusu. Sheria ya viazi ya 2019 inasema gunia lisizidi kilo 50. Nilipopandisha moja kwenye mizani lilikuwa na 68, lile la kushonewa kofia juu. Lumbesa haijafa, imebadilisha tu nguo. Nimekubaliana na wakulima wangu wawili: magunia 20 ya kilo 50, basi.

Mchana tulipofika kutoka Molo nilizunguka gari nikigusa rimu kwa nyuma ya mkono. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto nilirudisha mkono haraka. Mpwa akaidondoshea maji ya chupa, tone likachemka likatoweka kama kwenye kikaango cha chapati. Tukapiga jeki. Gurudumu la kulia nililisukuma kwa mkono likazunguka mara tatu na nusu. La kushoto lilikwenda nusu mzunguko likasimama, na ndani unasikia kitu kinasugua.

Ni waya wa hendibreki. Umeota kutu ndani ya gamba lake, ukivutwa haurudi. Nimekuwa nikiendesha huku breki ya gurudumu moja ikiwa imeshika, sijui tangu lini. Waya mpya, kusafisha dramu, kulainisha vishikizo: shilingi 2,300 na saa tatu.

Wakati tumelala chini ya gari nilimwambia mpwa kuhusu utepe kwenye kifuniko cha tanki, kwamba haukuguswa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliuona, mjomba. Nikajua unanipima." Nikamwomba msamaha tukiwa wote chali, macho yetu kwenye difu. Labda ndiyo sababu niliweza.

Jumamosi, 2 Agosti

Kilomita 197, lita 28.1. Tumefika 7.0.

Leo nilimwita shemeji. Yeye ndiye fundi wa ukoo, mdogo wa mke wangu, ana karakana ndogo karibu na Industrial Area, na haiwezekani kupeleka gari kwingine bila mke kuulizwa kwenye simu. Alitoa plagi nne akazipanga kwenye bampa. Zote nyeusi, masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni. Hiyo si oili, oili ingekuwa na mafuta na kung'aa. Hiyo ni petroli nyingi kuliko hewa.

"Filta," akasema. Filta ya hewa kweli ilikuwa na vumbi la Mau Narok la miaka miwili. Tumeweka mpya, plagi mpya pengo milimita 0.8, na kabla sijasema kitu alikuwa ameshalegeza distribyuta, ile inayogawia plagi cheche, na kuizungusha kwa sikio huku injini ikiunguruma. "Nimeisogeza mbele kidogo, shemeji. Utaona nguvu."

Sikutaka vitu vitatu vibadilishwe siku moja. Lakini shemeji ni shemeji.

Ijumaa, 8 Agosti

Kilomita 196, lita 27.5, yaani 7.1. Baada ya filta, plagi na taiming, yaani wakati cheche inapopiga! Nilitegemea muujiza, na hiyo tofauti ingeweza kuwa makosa ya pampu tu. Nadhani sababu ya filta kutoleta mengi ni kwamba bakuli la kabureta linapumua kutoka upande uleule wa ndani wa filta. Ikiziba, hewa inapungua na msukumo juu ya petroli unapungua pamoja nayo. Nguvu ndiyo inayopotea zaidi. Masizi yale lazima yana chanzo kingine.

Nikaanza kutazama kitu ambacho nimekitazama miaka mitatu bila kukiona: mshale wa joto. Uko juu tu ya herufi C, yaani baridi. Tukishuka kutoka Molo asubuhi ya Agosti, na baridi ile ya kuvaa koti mbili, unalala kabisa kwenye C.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliwasha injini ikiwa baridi na kushika mpira wa juu wa rejeta. Gari lenye thamostati nzima, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate joto, mpira huo unabaki baridi dakika kadhaa huku injini ikipata joto, halafu ghafla unakuwa moto. Wangu ulianza kupata joto polepole tangu mwanzo. Nikafungua kifuniko cha nyumba ya thamostati, boliti mbili. Ndani mtupu.

Nikampigia.

"Shemeji, nyumba ya thamostati haina mwenyewe."

"Niliitoa mimi. Si gari lilikuwa linachemka pale Mau Summit? Linachemka sasa?"

"Halichemki."

"Basi. Ile kitu ni ya nchi za theluji, shemeji."

Ningesema nini? Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda dukani kununua mpya ya digrii 82, shilingi 900.

Sikutaka kuiweka kwa imani tu. Jirani yangu anatengeneza mala ya kuuza, ana kipimajoto cha maziwa. Mke wangu alinipa sufuria kwa masharti kwamba hairudi jikoni. Nikaifunga thamostati kwa uzi ining'inie ndani ya maji isiguse chini, nikawasha jiko. Digrii 70, kimya. 80, kimya. Kwenye 83 kile kisahani kikaanza kuinuka kama jicho la mtu anayeamshwa. Maji yalipotokota kilikuwa wazi karibu chote. Na maji yalitokota kwenye 94, si 100, kwa sababu Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Mpwa hakuamini hadi alipokishika kipimajoto mwenyewe.

Injini isiyofika joto lake petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone, sehemu inaishia kwenye masizi na sehemu inateremka kwenye oili. Hilo nililijua kichwani. Sikujua kwamba lilikuwa likitokea kwangu kila siku.

Lakini gari lilichemka kweli wakati ule, shemeji hakudanganya. Kurudisha thamostati bila kujua kwa nini lilichemka ni kujitafutia kusimama Mau Summit usiku. Nikavua rejeta. Mapezi ya mbele yalijaa vumbi, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi. Ndani maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko chake, ile mpira ya chini imepasuka, hakishiki presha, na bila presha maji yetu ya huku juu yanatokota mapema zaidi. Nimesafisha, kifuniko kipya, maji mapya yenye kuluanti, mkanda wa feni nimeukaza.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana EPRA wameshusha supa kwa shilingi moja. Asanteni.

Kilomita 197, lita 25.4. Ni 7.76! Mshale unakaa chini kidogo ya katikati na hausogei, hata mlimani. Na hita ya miguu inafanya kazi. Miaka minne nilidhani gari hili halina hita.

Jumamosi, 16 Agosti

Kisumu. Magunia 20, tulitoka Molo saa kumi na moja alfajiri kupitia Londiani na Kericho.

Hadi Kericho safi. Tulipoteremka hadi tambarare, jua la Awasi limeshapanda, nikikanyaga mafuta injini ikaanza kugonga, ule mlio wa kokoto kwenye mkebe. Nikiachia, unaisha. Nikajua ni ile taiming ya sikio. Huku juu hewa ni nyepesi, silinda haijazwi kikamilifu, injini inavumilia taiming iliyosogezwa mbele. Ukishuka Ahero, kwenye hewa nzito na joto, haivumilii tena. Tulifika Kibuye kwa mwendo wa mguu mwepesi.

Wauza viazi wakanielekeza kwa mzee mmoja wa jua kali hapohapo karibu na soko, wote wanamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Nilianza kumweleza tairi, breki, thamostati. Akainua kiganja. "Omera, wacha gari iseme."

Akapitisha kidole ndani ya ekzosi, akakitazama. Kisha akaupata mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda distribyuta, akaukunja, ukaonyesha mpasuko. Akauvua, akaweka mpira mwingine mdomoni, akavuta hewa na kuziba kwa ulimi. Ndani ya distribyuta kitu kikasogea na kikabaki hapo hadi alipoachia. "Hii ni mzima. Ilikuwa haipati tu." Kwa hiyo taiming haikuwa inajisogeza yenyewe barabara inapokuwa tambarare na mguu ni mwepesi, na shemeji aliisogeza yote kwa mkono, ikawa mbele hata mahali isipotakiwa. Jaduong' alileta taa ya taiming, akairudisha kwenye alama.

Halafu kabureta. Aliitandaza kwenye sinia ya bati, kila skrubu na mahali pake, huku mpwa wangu amechutama pembeni bila kupepesa. Bamba la choki, linalobana hewa injini ikiwa baridi, lilikuwa halifunguki lote, waya wake uliopindwa na fundi fulani wa zamani ulilishikilia limeinama. Kisha akatoa jeti kubwa, kile kidude chenye tundu linalopima petroli, akachukua nyingine kutoka mkebe wa maziwa ya unga uliojaa jeti, akaziinua mbili zote kwenye jua tutazame. Ya kwake tundu lilikuwa duara na kingo laini. Yangu tundu lilikuwa kubwa kidogo, na ndani linametameta kwa mikwaruzo ya mzunguko.

"Hii ilitobolewa na drili. Mtu alitaka nguvu."

Mtu huyo, naamini, alikuwa Mombasa na saruji yake. Pale usawa wa bahari petroli ilikuwa tayari inazidi. Akaniuzia, nikaipandisha Nakuru ambako karibu sehemu moja ya sita ya hewa ya pwani haipo, na Molo ambako haipo zaidi ya moja ya tano. Kabureta haijui imepanda mlima, inaendelea kumwaga petroli karibu kama kawaida, na kila mita tunayopanda mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Nilimuuliza Jaduong' kama aniwekee jeti ndogo zaidi kwa ajili ya Molo. Akasema aniwekee ya kiwandani kwanza, kwa sababu nitarudi Kisumu na viazi, na jeti ya Molo huku Kisumu itachoma valvu. Tuliafikiana.

Shilingi 3,500 na chai. Mpira, taiming, choki, jeti, vyote siku moja. Kanuni yangu ya kitu kimoja kimoja imekufa Kibuye.

Ijumaa, 22 Agosti

Kilomita 197, lita 22.6. Nimehesabu mara mbili, kisha nikampa mpwa ahesabu. 8.7.

Plagi nimezitoa kuangalia: rangi ya biskuti. Siwezi kusema ni kiasi gani kimetoka kwenye jeti na kiasi gani kwenye ule mpira wa shilingi hamsini. Nadhani jeti na choki ndizo zilizobeba mengi, kwa sababu masizi ndiyo yaliyokwisha. Nadhani.

Jumamosi, 30 Agosti

Safari nzima ya Kisumu, tani moja kwenda, mabeseni ya omena kurudi. Kilomita 381, lita 43.9, hakuna kugonga Ahero wala popote. Kwa yale matumizi ya Julai ingekuwa lita 61. Tofauti ni zaidi ya shilingi 3,200 kwa safari moja, na matengenezo yote, pamoja na vitu vidogo ambavyo sikuviandika, yamenigharimu kama 11,000.

Rimu 14 nimezipata kwa mtu wa Free Area, bado tunavutana bei. Mpwa hataki, anasema gari litaonekana kama bata. Daftari sasa anashika yeye, ndiye anayesimama kando ya pampu na kumwambia kijana wa kituo "acha hapo hapo".

Jioni shemeji alipiga simu. Ana Nissan ya mteja analalamika mafuta. Akazungukazunguka, akaniuliza habari za watoto, za mvua, za dada yake. Mwisho akauliza, "Ile thamostati uliinunua duka gani?" Nikamwelekeza, nikamwambia apitie nyumbani achukue sufuria.